Jinsi ya Kuchagua na Kutunza Land Rover ya Zamani

Mzee fundi niliyekwenda naye kukagua Land Rover ya kwanza niliyotaka kununua hapa Arusha hakujishughulisha na injini. Muuzaji alikwisha kuiwasha na kuiacha ikiunguruma, boneti likiwa wazi, ili tuone kwamba haitoi moshi. Mzee alichomoa nyundo ndogo kwenye mfuko wa ovaroli, akatandika gunia, akalala chali na kujivuta chini ya gari, kisha akaanza kugonga chasisi kutoka mbele kwenda nyuma. Ililia nge, nge, nge, mpaka alipokaribia bampa la nyuma, hapo ikalia du. Alipogonga mara ya pili, kipande cha rangi nyeusi iliyopakwa juzi kilidondoka, na chini yake tukaona bati lililochomelewa juu ya tundu na kuzibwa kwa bodifila. Akatoka, akajipangusa mikono, akamwambia yule kijana, "Mwanangu, injini unayo, lakini gari huna."

Tangu siku ile nimekuwa mmiliki wa Land Rover mbili, moja ya springi za majani na moja ya koili, na ninachokiandika hapa kimetokana na kuzitumia, kuzitengeneza, na mara chache kuzilaani kando ya barabara. Msingi wake ni huu: Land Rover hukaguliwa kwa historia yake. Kila udhaifu wa gari hili una mwaka wake na sababu yake, kwa hiyo anayejua liliundwa lini, na waliokuwa wakiliunda walikosa nini wakati ule, anajua pa kuingiza tochi kabla hajaingiza mkono mfukoni.

Kwa nini bodi haiozi na chasisi inaoza

Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa akitumia Jeep ya Willys iliyobaki vitani katika shamba lake kwenye kisiwa cha Anglesey, huko Wales. Jeep ilikuwa imechoka na spea zake zilikuwa shida kupatikana, naye na kaka yake Spencer, aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni hiyo hiyo, wakaona kwamba wao wenyewe wanaweza kuunda gari la mkulima la namna ile. Gari hilo lilioneshwa kwa mara ya kwanza katika maonesho ya magari ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, likiwa na injini ya petroli ya lita 1.6 na inchi 80 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma.

Wakati huo chuma kilikuwa kikitolewa kwa mgao nchini Uingereza, ilhali alumini ilikuwa nyingi kwa sababu viwanda vya ndege za kivita vilikuwa vimesimama. Ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini iitwayo Birmabright, na hata rangi ya kijani ya magari ya mwanzo ilitokana na akiba ya rangi za ndege. Chasisi haikuweza kukwepa chuma, lakini badala ya kukandamizwa kwa mashine kubwa za gharama, iliundwa kwa vipande vya bati la chuma vilivyochomelewa pande nne vikawa kama boksi refu. Uamuzi huo wa fundi aliyebanwa na uhaba uliendelea kwa miaka yote, nao ndio unaomtesa mnunuzi wa leo: maji na tope huingia ndani ya boksi hilo, hukaa humo, na kutu huanza kula kutoka ndani kwenda nje. Chasisi inaweza kuwa safi kwa macho huku ikiwa nyembamba kama kopo la maziwa, na ndiyo sababu nyundo inasema kweli pale rangi inaposema uongo.

Jambo la pili linalotokana na uamuzi ule ni pale alumini inapogusana na chuma. Metali hizo mbili zikikutana palipo na unyevunyevu, hasa wenye chumvi, alumini huchachuka na kuwa unga mweupe. Tazama ncha za chini za milango, sakafu, na ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Gari lililoishi Tanga, Lindi au Mombasa hulitilia shaka zaidi kuliko lililozeekea Karatu au Monduli, hata kama la pwani linang'aa.

Kuchagua aina kulingana na kazi

Kwa anayenunua leo, magari haya yamegawanyika katika koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa springi za majani, ambao huitwa Series na uliishia na Series III iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Wengi tunaifahamu kwa inchi zilizo kati ya ekseli zake, 88 ile fupi na 109 ile ndefu. Hizi ndizo zilizowabeba polisi, madaktari wa wilaya, wamisheni na askari wa wanyamapori katika miaka ya baada ya Uhuru, na baadaye zikawa daladala za minadani Umasaini, abiria wakikaa hadi juu ya keria. Ukoo wa pili ulianza 1983 na One Ten, yenye springi za koili na fowili ya kudumu, yaani injini husukuma magurudumu yote manne wakati wote, ikafuatwa na Ninety mwaka 1984. Mwaka 1990 zikapewa jina la Defender ili zisichanganywe na Discovery iliyokuwa imetoka mwaka mmoja kabla. Defender ya mwisho ya namna hiyo ilitoka katika kiwanda cha Solihull tarehe 29 Januari 2016. Inayouzwa sasa kwa jina hilo hilo ni gari jingine kabisa, halina chasisi ya kugonga kwa nyundo, na halimo katika mwongozo huu.

Mwenye shamba anayekwenda kilomita 20 kwa siku hana haja ya kuidharau 109. Injini yake ya petroli ya lita 2.25 ni rahisi kiasi kwamba kijana mwenye seti moja ya spana anaweza kuifungua na kuifunga. Lakini usukani wake ni mzito, breki zake zinataka dereva anayewaza mapema, na mwendo wake wa kustarehe hauzidi kilomita 80 kwa saa. Nilikwenda nayo Dar es Salaam mara moja, na sikurudia.

Kwa anayetaka gari la kazi na la safari, shauri langu ni Defender yenye injini ya dizeli ya 200Tdi, iliyoanza kufungwa humo 1990, au 300Tdi iliyoifuata 1994. Sababu kubwa si nguvu, maana nguvu zake ni farasi 107 hadi 111 tu. Sababu ni kwamba ikishawaka, karibu haihitaji umeme. Td5 iliyoingia 1998 ina nguvu zaidi na ni tulivu barabarani, lakini huongozwa na kompyuta, na oili ina tabia ya kupenya ndani ya nyaya za nozeli na kusafiri hadi kwenye kompyuta hiyo iliyo chini ya siti. Unapokagua Td5, chomoa plagi nyekundu ya kompyuta uitazame: ukikuta oili, jua kazi ipo. Mimi ninayekaa mjini ningeweza kuishi na Td5. Ndugu yangu anayefanya kazi Loliondo nilimkataza.

Hapa kwetu utakutana pia na Land Rover nyingi zilizopandikizwa injini za Toyota, Nissan au Isuzu. Wapo wanaoziona kama dhambi, mimi simo. Ninachotaka kujua ni nani aliyeunganisha injini hiyo na giaboksi, na kama namba ya injini iliyopo ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Namba zikitofautiana, kamilisha marekebisho Mamlaka ya Mapato kabla hujalipa, wala usikubali ahadi kwamba mtayashughulikia baadaye. Halikadhalika namba ya chasisi: tafuta ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu, uisugue kwa brashi ya waya na kuilinganisha na kibati na kadi. Gari lililotoka serikalini au kwenye mradi wa wafadhili liwe na hati za mnada. Kuona alama ya namba za zamani mlangoni si ushahidi.

Kukagua gari asubuhi

Mwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, kisha ufike mapema na uguse injini kwa kiganja. Ikiwa ya moto, kuna jambo alilotaka kulificha, na mara nyingi ni ugumu wa kuwaka baridi au moshi wa dakika za mwanzo. Fungua rejeta injini ikiwa baridi. Maji yawe na rangi ya kulanti, dawa ya rejeta, yasiwe ya kahawia, na yasiwe na utando wa oili juu yake. Kwenye 300Tdi tazama vizibo vya plastiki vya kujazia maji, kimoja juu ya nyumba ya thamostati na kingine juu ya rejeta, kwa sababu hupasuka kwa uzee na kumwaga maji taratibu bila dereva kujua. Silinda hedi yake ni ya alumini. Ikichemka mara moja vibaya, hupinda. Vizibo vya shaba vya kubadilishia vipo madukani, na mmiliki aliyekwisha kuvifunga hunipa imani kuliko aliyeosha injini.

Baada ya nyundo na chasisi, nenda kwenye magurudumu ya mbele. Nyuma ya kila gurudumu kuna tufe la chuma linalong'aa ambalo huzunguka unapokata usukani. Liwe laini. Ukipitisha kidole na kuhisi vishimo vya kutu, sili haitazuia oili hata ukiibadilisha kila mwezi. Chini ya injini, panapokutana na giaboksi, kuna tundu dogo. Matone ya oili hapo yanakuambia kwamba sili ya nyuma ya krankishafti, au ya mbele ya giaboksi, imechoka, na kuifikia kunahitaji giaboksi lishuke. Unyevu kidogo kwenye transfa, giaboksi dogo linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma, sitaupigia kelele, kwa kuwa sijaona bado transfa ya umri huo iliyo kavu kabisa.

Barabarani, tafuta sehemu tambarare, weka gia ya kwanza, achia klachi taratibu, simama, kisha weka rivasi, ukisikiliza mlio wa "ko" chini yako. Mlio mdogo ni wa kawaida. Mlio kama wa mlango unaobamizwa ni jumla ya uchakavu wa viungo vya propela, hafu shafti na difu, na jumla hiyo ina bei. Kisha ingia kwenye udongo, sogeza lever fupi ya transfa kushoto uone kama difuloki, yaani kufuli ya difu ya katikati, inakamata, na ujaribu gia zote za lo, zile za mwendo mdogo na nguvu nyingi. Utashangaa ni magari mangapi ambayo lever hiyo haijasogezwa kwa miaka mitano, imeganda, na mwenyewe anaapa kwamba "fowili ipo".

Matunzo katika vumbi

Adui wa kwanza wa dizeli hizi katika nchi yetu ni vumbi, la pili ni joto. Vua mpira unaotoka kwenye kisafisha hewa kwenda kwenye turbo na upitishe kidole ndani. Kikitoka na vumbi, basi injini imekuwa ikimeza mchanga kupitia klipu iliyolegea au ufa wa mpira, na pete za pistoni zimeanza kusagika bila sauti yoyote. Kwenye injini za Series kisafisha hewa ni bakuli la oili, nalo hutaka kumwagwa na kusafishwa mara tu tope linapojikusanya chini. Wakati wa kiangazi cha Longido hiyo inaweza kuwa kila wiki.

Rejeta nayo huzibwa na mbegu za majani ukipita kwenye nyasi ndefu. Mara ya kwanza gari langu lilipopanda joto, fundi mmoja aliniuzia thamostati, kisha pampu ya maji, kisha akaanza kuzungumzia silinda hedi. Nilipofika kwa mzee wa nyundo, alichukua mpira wa bustani, akapuliza maji kutoka upande wa feni kwenda mbele, na kilichotoka kati ya rejeta na kipoza hewa kingetosha kumlisha mbuzi. Usitumie mashine ya kuoshea yenye nguvu nyingi, italaza mapezi. Ukipita nyikani, simama mara kwa mara uangalie pia majani yaliyonasa karibu na bomba la moshi, kwani yanaweza kushika moto.

Mkanda wa taimingi wa Tdi hausubiri. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Muuzaji akisema ulibadilishwa "hivi karibuni" bila risiti wala tarehe iliyoandikwa, uhesabu kama haujabadilishwa, na uufunge mpya kabla ya safari ya kwanza. Baadhi ya 300Tdi za mwanzo zilikuwa na kasoro ya puli iliyofanya mkanda usogee pembeni na kujila, kwa hiyo mwambie fundi akuoneshe ule wa zamani: ukiwa umechanika ukingo mmoja na kifuniko kina unga mweusi, nunua seti iliyorekebishwa, si mkanda peke yake. Kwa vumbi la huku mimi hubadilisha kila kilomita 50,000. Wenye Toyota Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ wasicheke, maana nayo ina mkanda.

Na kwa kuwa nimeitaja Toyota, haki isemwe: kuanzia miaka ya 1980 ndiyo iliyoinyang'anya Land Rover kazi ya serikali, ya miradi na ya utalii katika Afrika Mashariki, na haikuinyang'anya kwa bahati. Inasamehe matunzo mabaya kwa muda mrefu zaidi. Land Rover humlipa mtu anayependa kulala chini ya gari Jumamosi asubuhi akiwa na bomba la grisi, na asiyependa hivyo atafute gari jingine, hata kama alitokwa machozi ya furaha Oktoba 2024 alipoona msururu wa tamasha la Land Rover hapa Arusha.

Kuliendesha bila kulivunja

Kwenye Series, fowili haina difu ya katikati, ile inayoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa mwendo tofauti. Ukiiacha imeingia kwenye lami, ekseli mbili zinashindana na kitu lazima kikatike, mara nyingi hafu shafti ya nyuma. Kwenye One Ten fowili ni ya kudumu, na kinachoingizwa ni difuloki: iweke kabla ya kuingia kwenye tope, usisubiri gurudumu lianze kuzunguka bure, na uitoe mara unapokanyaga tena ardhi ngumu. Taa ikigoma kuzima, rudi rivasi mita chache ukiwa umenyoosha usukani, itaachia.

Tairi za 7.50-16 kwenye One Ten hutakiwa kuwa na upepo wa psi 28 mbele na 48 nyuma likiwa limebeba mzigo. Kwenye mchanga wa mto mkavu hushusha hadi 18 kote, naendesha taratibu, na sitoki humo bila kusimama na kujaza tena, kwa sababu tairi laini kwenye njia ya mawe hupasuka ubavuni. Maji yasizidi nusu mita. Kabla ya kuvuka, funga skrubu maalumu kwenye lile tundu dogo nililolitaja, chini ya injini panapokutana na giaboksi, na ukishavuka uifungue, la sivyo oili itajikusanya humo na kuloanisha klachi.

Katika boksi la nyuma hubeba mkanda wa feni, mipira ya rejeta ya juu na ya chini, filta mbili za dizeli, beringi ya gurudumu na sili yake, waya, fyuzi, lita tano za oili, na maji ambayo hayanywewi na mtu. Kuna kifaa kimoja zaidi cha kukijua kwa mkono kabla hujakihitaji, nacho ni solenoidi ya kuzimia injini, kopo dogo la chuma lililo juu ya pampu ya dizeli lenye waya mmoja. Huo ndio umeme pekee ambao Tdi inauhitaji ikishawaka, kwani waya ukikatika, kidude chenye springi kilichomo ndani hushuka na kufunga dizeli, na injini huzima kama iliyoishiwa mafuta. Yangu ilikufa nikiwa kati ya Engaresero na Mto wa Mbu, saa tisa alasiri. Niliifungua kwa spana moja, nikachomoa kile kidude na springi yake na kuviweka mfukoni, nikairudisha solenoidi ikiwa tupu, na gari likawaka. Ila sasa lilikuwa halizimiki kwa ufunguo, na kwa siku tatu, mpaka spea ilipopatikana, nililizima kwa kuweka gia ya nne, kukanyaga breki kwa nguvu zote na kuachia klachi polepole, huku mlinzi wa pale ninapoegesha akinitazama bila kuuliza.